Si kila CS ni waziri: Kifupisho kinapohama sajili yake

Hebu isome sentensi hii ambayo nimeitunga makusudi: "CS aliyesomea CS amejifungua kwa CS." Mkenya anayefuatilia habari hahitaji kamusi wala mkalimani. Ataielewa papo hapo: waziri fulani aliyesomea sayansi ya kompyuta chuoni amejifungua kwa njia ya upasuaji. Sentensi ina maneno sita, matatu kati yake ni herufi zile zile mbili, na bado ujumbe umefika ukiwa mzima.

Naanza na mfano huu kwa sababu kila mjadala wa vifupisho unapozuka, iwe darasani au katika vikao vya wahariri, lalama huwa ni ile ile: ati vifupisho vina maana nyingi mno, ndiyo maana vinatatiza mawasiliano. Lalama hiyo ina ukweli kiasi lakini imelenga pasipo. Wingi wa maana peke yake haujawahi kumzuia mtu kuelewa. Kama ungekuwa unazuia, tungekuwa tumeliacha zamani neno "kaa".

Tena, kwa mizani ya isimu, si sahihi sana kusema kwamba CS "ina maana nyingi". Mwanafunzi wa semantiki hufundishwa kutofautisha polisemia na homonimia. Katika polisemia neno ni moja, ila maana zake zimezaana: kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha garimoshi ni vya ukoo mmoja, na ukoo huo unaonekana. Katika homonimia maneno ni mbalimbali, yamegongana tu katika umbo. Kaa wa baharini, kaa la moto na kule kukaa kitako havina udugu wowote. CS iko katika kundi hili la pili. Ni rundo la maneno yasiyojuana. Kila moja lilikatwa katika sajili yake, na watu wake, kwa haja zake, kisha yote yakakutana katika kituo kimoja cha matatu.

Tumtazame kwanza CS wa magazetini, maana ndiye maarufu zaidi. Kabla ya Katiba ya 2010 mawaziri wetu walitoka bungeni, na kwa Kiingereza waliitwa "minister". Katiba mpya ikageuza utaratibu. Ibara ya 152 ilisema wasipungue 14 wala wasizidi 22, na kwamba mtu hawezi kushika wadhifa huo akiwa bado mbunge. Kiingereza kikakipa cheo hicho jina jipya, "Cabinet Secretary", na jina likiwa refu hivyo, ulimi wa Mkenya haukuchelewa kulikata likawa "si-es". Kiswahili hakikushtuka hata kidogo. Kiliendelea kusema waziri, kama kilivyosema kabla, na ofisi ya Prime Cabinet Secretary ilipoanzishwa 2022 magazeti yakapata bila taabu "Mkuu wa Mawaziri".

Kuna wanaoona kwamba "waziri" hapo ni uvivu, kwamba cheo kipya kinadai tafsiri mpya. Basi na wajaribu tafsiri sisisi, neno kwa neno. Watapata "Katibu wa Baraza la Mawaziri". Matatizo ni kwamba Katiba hiyo hiyo, katika ibara ya 154, inamtaja mtumishi wa umma mwenye cheo hicho hasa: yule anayesimamia ofisi ya baraza, kuandaa ajenda na kumbukumbu za vikao, na kufikisha maamuzi kwa wanaohusika. Huyo ni mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo anayefungua herufi za CS na kuzitafsiri moja moja anamtoa waziri kitini na kumweka katibu. Nami nasema Kiswahili kilifanya busara kubaki na waziri. Jina lililokuwapo lilitosha kazi.

Yuko CS wa pili ambaye umma haumjui sana lakini yumo katika kila kampuni kubwa. Huyu ni katibu wa kampuni aliyefuzu mitihani ya kitaaluma inayosimamiwa na KASNEB. Zamani mtihani wake uliitwa CPS, siku hizi ni CS, na wenye sifa hizo hutanguliza herufi hizo mbele ya majina yao kama vile daktari anavyotanguliza Dkt. Weka kadi ya mwaliko ya katibu wa kampuni karibu na kadi ya waziri, zote zimeandikwa "CS" kisha jina, halafu mkabidhi mshereheshaji kijana anayetaka kuwaita wageni jukwaani kwa heshima zao. Yale yatakayotokea unaweza kuyawazia mwenyewe.

Sasa twende hospitalini. CS ya huko ni upasuaji wa kujifungua, na herufi C inadokeza jina la Kaisari. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Julius Caesar alizaliwa hivyo. Hadithi hiyo ina walakini. Mama yake, Aurelia, aliishi miaka mingi akamwona mwanawe akiwa mtu mzima, ilhali enzi hizo upasuaji wa namna hiyo ulifanyiwa mwanamke aliyekwisha kufa au asiyekuwa na tumaini la kupona. Wengi huona kwamba chimbuko la neno ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukata. Kwa vyovyote vile, muuguzi wa zamu ya usiku hana haja na Warumi. Anataka neno fupi la kuandika kwenye faili wakati ambapo kila dakika ina thamani, na CS linamfaa. Katika sajili ya hospitali, kati ya mhudumu na mhudumu, sina neno nalo.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu CS ni sayansi ya kompyuta, na hapo hapana mengi ya kusema.

Penye mengi ni barabarani. Waandamanaji na polisi wanapokabiliana, kile tunachokiita vitoa machozi mara nyingi duniani huwa ni CS. Herufi hizi si ufupisho wa maneno. Ni majina ya watu wawili, Ben Corson na Roger Stoughton, wanakemia Wamarekani walioiunda kemikali hiyo mwaka wa 1928. Tena kitaalamu hata si gesi. Katika halijoto ya kawaida ni unga, na hurushwa hewani kama moshi au chembechembe. Mtu akitafuta maneno mawili yanayoanza kwa C na S ili aeleze kwa nini macho yanawasha, atatafuta mpaka kesho. Na huu ndio ushahidi wangu mkubwa wa homonimia: CS hii haina hata maneno nyuma yake.

Nikipita haraka kwenye maabara ya kemia, Cs yenye s ndogo ni seziamu, elementi ambayo tangu 1967 atomi zake zimetumiwa kufafanulia urefu wa sekunde moja. Ukubwa wa herufi huko si pambo. Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayotoka katika jiko la makaa na kuua watu waliofunga madirisha usiku wa baridi. Wanakemia wana nidhamu ambayo sisi wa lugha tungeweza kuiiga: kwao alama haiandikwi ovyo kwa sababu kila mtu "ataelewa tu".

Nasema sisi wa lugha kwa sababu nasi tuna CS yetu. Katika isimujamii, CS ni kule mzungumzaji kutoka lugha moja na kuingia nyingine katika mazungumzo yale yale. Ni uwanja ambao Kenya imeuchangia pakubwa. Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu msukumo wa kijamii wa jambo hilo, alitegemea sana mazungumzo ya watu wa Nairobi. Kwa Kiswahili tuna istilahi ambazo hata mwanafunzi wa kidato cha tatu anazijua kwa ajili ya KCSE: kuhamisha ndimi, na pacha wake kuchanganya ndimi. Hata hivyo utazikuta tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili ambamo mtafiti anatangaza ukurasa wa kwanza kwamba atachunguza "CS" katika matangazo ya redio au mahubiri. Sentensi yake ya kwanza imekuwa data yake mwenyewe. Istilahi ilikuwa mezani, akaiacha, akaokota herufi mbili za Kiingereza. Huyu simtetei.

Turudi kwenye sentensi yetu ya mwanzo. Kwa nini haikututatiza? Jibu la haraka ni muktadha, na ni jibu sahihi ila halitoshi. Kiswahili kina chombo ambacho Kiingereza hakina, nacho ni upatanisho wa ngeli. Linganisha "CS wa kwanza" na "CS ya kwanza". La kwanza ni mtu, la pili ni upasuaji wa mama aliyezaa zaidi ya mara moja. Herufi moja tu, w badala ya y, imemtenga waziri na kisu. "CS alichelewa" na "CS ilichelewa" ni habari mbili tofauti kabisa, moja ya kuudhi, nyingine ya kutisha. Katika wingi mambo yanazidi kunoga. Watu husema "maCS wamefutwa kazi", wakiwapa mawaziri kile kiambishi ma- tunachokiona katika madaktari, mabalozi na marais, huku kitenzi kikibaki katika A-WA. Hakuna aliyekaa kwenye kamati akaamua hivyo. Wasemaji wamelichukua jina la kigeni la mtu mwenye cheo, wakalitia pale ambapo majina ya namna hiyo hukaa. Hapo ndipo mwanaisimu atakapouliza kama hii bado ni kuhamisha ndimi au tayari ni ukopaji. Mimi naona neno likishapokea ma- limeshaanza kupiga kambi.

Lakini chombo hiki kina makali pale tu kinapotumiwa. Kiswahili cha mitaani, hasa cha Nairobi, kimezoea kutia "ya" kila mahali: "mwalimu yangu", "mtoto ya jirani", na bila shaka "CS ya Elimu". Redio nyingi nazo zimeufuata mtaa. Wanaopuuza somo la ngeli huuliza, "Kwani hujanielewa?" Nakuelewa, ndugu, lakini umeitupa alama pekee katika sentensi iliyokuwa ikinisaidia. Ukisema "CS ya juzi ilileta shida", sina budi kukuuliza kama unazungumzia wizara, wodi au maandamano.

Na hata ngeli ikizingatiwa, ina mpaka. Inamtenga mtu na kitu, basi. Waziri na katibu wa kampuni wote ni A-WA. Upasuaji, sayansi ya kompyuta na vitoa machozi vyote, vikiitwa CS, hudondokea I-ZI. Hapo tunasalia na sajili: mahali, mzungumzaji na shughuli iliyopo. Na sajili ndiyo kiini cha hoja yangu. Kifupisho ni mkataba wa watu wa kazi moja. Walishalisema neno refu mara elfu, wakachoka, wakakubaliana kulikata. Mtu ambaye hakuwapo katika mkataba huo hakosi akili. Anakosa lile neno refu. Ukimpa kifupisho unampa risiti ya kitu ambacho hakukinunua.

Mfikirie mama aliyefikishwa hospitali ya kaunti usiku, uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Anaambiwa, "Mama, tutakufanyia CS, weka sahihi hapa." Kama si mzoefu wa lugha ya hospitali, CS pekee aliyewahi kumsikia ni yule wa taarifa ya habari saa moja jioni. Anatia kidole. Je, amekubali nini? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa, na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Herufi mbili za Kiingereza haziwezi kuhesabiwa kuwa maelezo. Ilhali neno lipo, na halihitaji shahada: "Tutakupasua tumbo ili tumtoe mtoto." Au kwa upole zaidi, "Utajifungua kwa upasuaji."

Wahudumu wengine watanijibu kwamba neno "kupasua" linatisha, na kwamba CS linamtuliza mama. Hoja hiyo nina heshima nayo, kwa sababu inagusa kazi nyingine ya vifupisho ambayo vitabu vyetu vya sarufi havijaijadili vya kutosha. Kifupisho ni tafsida. Mtu atasema ana TB kabla hajasema kifua kikuu. Atasema anameza ARV, na neno UKIMWI lisitoke kinywani mwake. Mama aliyepona akiwaambia wenzake "nilifanyiwa CS" hajifichi bure. Anaisitiri siku yake, na ni haki yake. Tofauti ni nani anayesitiri, na kabla au baada ya nini. Tafsida ya mwenye mwili wake ni adabu. Tafsida ya mwenye kisu, kabla sahihi haijatiwa, inamnyima mwenzake nafasi ya kuuliza swali.

Wapo watakaosema dawa ni kuvipiga marufuku vifupisho vya Kiingereza na kuunda vyetu. Nawaunga mkono nusu ya njia. Wanalo jambo moja la maana: herufi C haimo katika alfabeti ya Kiswahili isipokuwa ndani ya ch. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hawezi, hata akijitahidi vipi, kukisia CS kutoka maneno ya lugha yake. Hana pa kuanzia. Majirani zetu wa Tanzania walipounda jina la Chama Cha Mapinduzi mwaka wa 1977 walikubali kuikata ch katikati wakapata CCM, ambayo nayo inasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, "si-si-em". Waliounda CHADEMA hawakuikata, na jina lao linasomeka kama neno la Kiswahili. BAKITA ni hivyo hivyo.

Mfano bora kabisa ni UKIMWI. Akronimu hiyo ilikusanya silabi badala ya herufi za kwanza tu, ikapata umbo ambalo ulimi unalikubali. Inaanza na u-, basi ikaingia yenyewe katika ngeli yake: UKIMWI umepungua, UKIMWI unatibika makali. Watu wengi wanaolitumia hawajui kwamba ni kifupisho. Huo ndio ushindi wa akronimu.

Lakini UKIMWI ulikuja kwa sababu hapakuwa na neno. Kwa CS maneno yapo yote. Waziri yupo. Upasuaji wa kujifungua upo. Vitoa machozi vipo, sayansi ya kompyuta ipo, kuhamisha ndimi kupo. Anayeketi kuunda akronimu mpya ya Kiswahili kwa ajili ya waziri anajenga daraja pasipo mto. Vivyo hivyo, tulipokuwa na "diwani" tangu enzi na enzi, sioni kwa nini kichwa cha habari cha Kiswahili kiwe na MCA, labda mhariri awe amebanwa na nafasi. Na hata huo ubanaji si hoja hapa: "diwani" ni herufi sita.

Kwa hivyo ningewataka wahariri wa Kiswahili wafanye kile ambacho waandishi wa kamusi wamekifanya siku zote. Fungua kamusi yoyote ya maana, utaona kwamba kabla ya herufi A pana ukurasa unaoeleza kwamba "nm" ni nomino, "kt" ni kitenzi na "ele" ni elekezi. Mtunzi wa kamusi anapenda ufupi kuliko mtu yeyote, maana kila herufi inamgharimu karatasi, lakini hakutumii kifupisho kabla hajakifungulia mlango. Nukta nayo anaiheshimu: k.m. ni kwa mfano, km ni kilomita. Gazeti halina ukurasa wa namna hiyo. Lina msomaji anayeanzia popote, kwenye basi, katikati ya habari. Huyo apewe neno zima linapotajwa mara ya kwanza, na kama neno zima ni fupi kama "waziri", apewe hilo hilo mpaka mwisho.

Faida yake tuliiona si zamani. Mtaala mpya ulipoanza kote nchini Januari 2019, taifa zima lilijifunza herufi CBC. Wazazi walizitamka kwa hasira, walimu kwa uchovu, wanasiasa kwa kelele. Waandishi wachache wakaidi walishikilia "mtaala wa umilisi". Kisha 2025 wizara ikasogeza Kiingereza chake, CBC ikawa CBE, na waliozoea herufi ikabidi wazisahau na kujifunza nyingine, huku mabango ya shule yakipakwa rangi upya. Wale wa umilisi walibadilisha neno moja tu, wakaandika "elimu ya umilisi", na msomaji wao hakupotea. CBC yenyewe ingali hai katika maabara za hospitali, ambako tangu kale imekuwa hesabu kamili ya chembe za damu, na mzazi anayepewa karatasi ya vipimo yenye herufi hizo bado anastahili kuambiwa kwamba si ya shule.